Alexander Graham Bell: Mwalimu Aliyesikiliza Metali

Katika karne ya 19 mji wa Tabora ulikuwa kituo kikuu cha misafara. Njia ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji katika ufuko wa Ziwa Tanganyika. Ulikuwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, waliukata kwa miguu wakiwa na mizigo mabegani. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu, na pia watu waliotekwa na kuuzwa utumwani. Kutoka pwani zilipanda nguo, ushanga na masango.

Huenda neno masango ni geni kwako. Masango yalikuwa nyaya nene za shaba, ama shaba nyekundu ama shaba ya manjano iliyochanganywa na zinki. Mafundi walizikunja wakafanya bangili na vikuku. Henry Morton Stanley alipojiandaa kwa safari yake mwaka 1871 alishauriwa achukue frasila 10 za waya huo, yaani karibu kilo 160. Aliandika kwamba unene wake ulikaribia ule wa waya wa telegrafu, na kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulithaminiwa kama dhahabu. Ukumbuke waya huo, maana tutakutana nao tena mahali usipoutazamia.

Kati ya Tabora na Ujiji misafara ilizuiwa na mto Malagarasi. Watu walivushwa kwa mitumbwi baada ya kulipa ushuru, na punda waliogelea wakivutwa kwa kamba. Stanley alipovuka mwaka huo wa 1871, mamba alimkamata punda wake mmoja aliyeitwa Simba, akamzamisha mbele ya macho ya msafara wote. Fikiri sasa kwamba wewe ni mmoja wa wapagazi hao. Mtumbwi unayumba, na bangili ya shaba uliyoifanyia kazi kwa miezi mingi inakuponyoka mkononi na kutumbukia majini. Maji ni ya matope. Huioni, na huthubutu kuingiza mkono. Utaitafutaje?

Pengine utasema kwamba utafunga sumaku kwenye kamba na kuishusha mtoni. Basi jaribu kwanza darasani. Weka pini chini ya bilauri yenye maji, kisha shusha sumaku iliyofungwa uzi. Pini itanasa, kwa sababu maji hayazuii nguvu ya sumaku. Sasa toa pini, uweke kipande cha waya wa shaba au pete ya dhahabu. (Kama pete ni ya mama, omba ruhusa kabla ya kuichukua.) Shusha sumaku tena. Waya hausogei, wala pete haisogei. Sumaku huvuta chuma na metali nyingine chache tu. Shaba, fedha, dhahabu na risasi haziitikii wito wake.

Ili kuipata bangili ile ilihitajika njia nyingine, na mmoja wa watu walioifungua njia hiyo alikuwa mwalimu wa watoto viziwi.

Alexander Graham Bell alizaliwa tarehe 3 Machi 1847 katika mji wa Edinburgh, nchini Scotland. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi, aliyebuni alama za kuonyesha jinsi midomo na ulimi vinavyotoa kila sauti. Mama yake alikuwa na uziwi. Watu wengine walipozungumza naye walipaza sauti katika bomba la kusikilizia, lakini mtoto Alexander aliweka midomo yake karibu na paji la uso la mama na kusema kwa sauti nzito ya chini, naye mama akaihisi. Hivyo tangu utotoni Bell alijua kwamba sauti ni mtikisiko, na kwamba mtikisiko unaweza kupita mahali ambapo sikio peke yake limeshindwa.

Alikuwa mtoto mwenye mikono isiyotulia. Rafiki yake mmoja alikuwa mwana wa mwenye kinu cha nafaka. Bell alipokuwa na umri wa miaka kama 12 alitengeneza mashine ya kukoboa ngano, iliyotumiwa katika kinu hicho.

Kisha msiba uliingia nyumbani kwao. Mdogo wake alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1867, na kaka yake akafa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1870. Wakati huo dawa ya kifua kikuu haikuwapo. Wazazi, wakihofu kumpoteza na huyu wa tatu, walihama pamoja naye mwaka 1870 wakaenda Kanada kutafuta hewa safi. Mwaka uliofuata, 1871, Bell alikwenda mji wa Boston nchini Marekani kufundisha watoto viziwi. Mwaka huo huo Stanley alifika Kwihara, karibu na Tabora, na kukuta njia ya Ujiji imefungwa kwa vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe.

Usidhani kwamba kila alichokifanya Bell kwa viziwi kinasifiwa leo. Aliamini kwamba lazima wafundishwe kusema kwa midomo, akapinga lugha ya alama. Viziwi wengi wa siku zetu wanaona kwamba hapo aliwakosea, nao wana hoja. Lakini maisha yake yote aliishi nao kwa ukaribu. Mabel Hubbard, aliyemwoa mwaka 1877, alikuwa mwanafunzi wake, na alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na umri wa miaka mitano kwa sababu ya homa.

Habari za simu hatutazirefusha hapa. Inatosha kujua kwamba Bell alipewa hataza ya simu tarehe 7 Machi 1876, na kwamba siku tatu baadaye msaidizi wake, Thomas Watson, aliisikia sauti yake kupitia waya akiwa chumba kingine. Watu wengine pia walidai kuwa wamevumbua simu, na kesi ziliendelea kwa miaka mingi. Kinachotuhusu sisi ni kelele zilizosikika katika simu hizo za kwanza.

Waya wa simu ulipopita karibu na waya wa telegrafu, msikilizaji alisikia mikwaruzo isiyotoka kwa mtu yeyote. Sababu yake ilikuwa imekwisha kujulikana. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alikuwa amegundua kwamba mkondo wa umeme unapobadilika katika waya mmoja, unaweza kuamsha mkondo katika waya mwingine ulio karibu, ingawa nyaya hizo hazigusani. Bell alitafuta jinsi ya kupanga koili, yaani nyaya zilizozungushwa mara nyingi kama kata ya kichwani, ili kelele moja iiue nyingine na simu ibaki kimya. Aligundua jambo la ajabu. Baada ya kupata ukimya huo, akisogeza kipande cha metali karibu na koili, kelele ilirudi. Metali iliuvuruga ukimya.

Na koili hizo zilikuwa za waya wa shaba. Metali ile ile iliyobebwa mabegani mwa Wanyamwezi ilikuwa imezungushwa juu ya meza ya Bell ili isikilize.

Tarehe 2 Julai 1881, katika kituo cha reli cha Washington, mtu mmoja alimpiga Rais James Garfield wa Marekani risasi mbili. Moja ilimpitia mkononi. Nyingine iliingia mgongoni ikabaki mwilini, wala hakuna aliyejua imekaa wapi. Picha za eksirei hazikuwapo, kwa maana Wilhelm Röntgen alizigundua mwaka 1895. Madaktari waliitafuta risasi kwa kuingiza vidole na vyuma katika kidonda, tena bila kuviosha ipasavyo. Daktari Joseph Lister wa Uingereza alikuwa amekwisha kueleza tangu 1867 jinsi ya kuua vijidudu kabla ya kugusa jeraha, lakini madaktari wengi wa Marekani hawakumsadiki.

Bell alisoma habari hizo akaona kwamba kile kilichokuwa bughudha katika simu kinaweza kumwokoa mtu. Alijifungia katika karakana huko Washington pamoja na fundi wake, Sumner Tainter, wakafanya kazi usiku na mchana. Chombo chao kilikuwa na koili mbili bapa zilizolaliana kidogo. Koili ya kwanza ilipewa mkondo wa betri uliokatwakatwa mfululizo. Ya pili iliunganishwa na simu iliyowekwa sikioni. Koili ziliposogezwa mpaka zikakaa sawasawa, simu ilinyamaza. Kipande cha metali kikikaribia, simu ililia.

Tazama kinachotokea. Mkondo unaobadilika katika koili ya kwanza huzungukwa na nguvu ya sumaku inayobadilika nayo. Nguvu hiyo ikiifikia bangili, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, kama maji ya mto yazungukavyo nyuma ya jiwe. Mikondo hiyo nayo hutoa nguvu yake ya sumaku, na koili ya pili huipokea. Kwa hiyo si lazima metali iwe ya kuvutwa na sumaku. Yatosha kwamba inapitisha umeme. Shaba hupitisha umeme vizuri sana, na dhahabu na fedha vilevile. Risasi hupitisha kwa kiasi kidogo zaidi, na kwa bahati mbaya kile kilichokuwa mwilini mwa Garfield kilikuwa risasi, metali ambayo katika lugha yetu imetoa jina kwa kile kinachotoka katika bunduki.

Bell na Tainter walikijaribu chombo kwa kuficha risasi katika kiganja kilichofumbwa, kisha katika pande la nyama ya ng'ombe. Waliwaita pia askari wazee waliokuwa bado na risasi miilini tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Chombo kilifanya kazi. Tarehe 26 Julai Bell alikipeleka Ikulu. Usiku ule kilitoa mngurumo wa ajabu, na baadaye ikaonekana kwamba sehemu yake moja ilikuwa imeungwa vibaya. Alikirekebisha, akarudi tarehe 1 Agosti. Safari hii alisikia sauti hafifu, lakini haikutoka mahali pamoja. Ilisikika juu ya eneo pana, kana kwamba mgonjwa amelalia metali tupu.

Na kweli alikuwa amelalia metali. Bell alipouliza, alifahamishwa kwamba chini ya rais palikuwa na godoro lenye springi za chuma. Magodoro ya namna hiyo yalikuwa bado machache siku hizo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Nilipokuwa nikifundisha shule ya sekondari, niliwahi kuwaonyesha wanafunzi jaribio la koili mbili juu ya meza nzuri ya mbao, na sauti ikatoka kila mahali nilipoipitisha koili. Darasa zima lilicheka. Meza ilikuwa ya mbao juu, lakini chini yake fremu ilikuwa ya chuma. Siku ile nilimhurumia Bell kuliko wakati wowote nilipomsoma vitabuni.

Palikuwa na kikwazo cha pili, kikubwa zaidi. Daktari mkuu aliyemsimamia mgonjwa alikuwa na hakika kwamba risasi iko upande wa kulia, akamwelekeza Bell kutafuta huko tu. Garfield alikufa tarehe 19 Septemba 1881, baada ya siku 79 za maumivu. Mwili ulipopasuliwa, risasi ilionekana upande wa kushoto, karibu na kongosho. Haikuwa yenyewe iliyomuua. Kilichomuua hasa ni usaha uliotokana na vijidudu, na wataalamu wengi wanaamini kwamba sehemu kubwa ya vijidudu hivyo iliingizwa na mikono ya waliotaka kumponya.

Katikati ya siku hizo msiba mwingine ulimpata Bell. Mwezi Agosti mkewe alijifungua kabla ya wakati, na mtoto wao wa kiume akafa siku hiyo hiyo kwa kushindwa kupumua. Bell akaanza kubuni vazi la chuma la kusaidia mapafu kuvuta hewa. Lakini hakukiacha chombo cha metali. Alikiendeleza, na kabla ya eksirei kuenea, madaktari walikitumia kutafuta risasi katika miili ya majeruhi.

Miaka iliyobaki aliitumia katika mambo mengi: ndege, tiara, kondoo, na mashua za mwendo wa kasi. Mwaka 1919 mashua yake iliyoitwa HD-4 ilikimbia juu ya maji kwa karibu kilomita 114 kwa saa, na hakuna chombo cha majini kilichokuwa kimefikia mwendo huo. Alikufa tarehe 2 Agosti 1922 nyumbani kwake Baddeck, nchini Kanada. Alipozikwa, simu zote za Marekani na Kanada zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Wazo lake halikuzikwa naye. Mwaka 1941 ofisa mmoja wa Poland, Józef Kosacki, akiwa Uingereza, alitengeneza chombo cha kutambulia mabomu yaliyofukiwa ardhini, ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba. Vyombo 500 vya namna hiyo vilitumiwa mwaka 1942 katika vita vya El Alamein, nchini Misri. Baadaye vikatengenezwa vingine vilivyozibwa maji yasiingie. Mzamiaji hushika mpini wenye koili iliyofungwa ndani ya plastiki, na masikioni huvaa visikilizio visivyopenya maji. Visikilizio hivyo ni ndugu wa simu ya Bell. Siku hizi watu huvitumia kutafuta pete na mikufu iliyopotea baharini na maziwani.

Turudi sasa katika njia ya misafara. Je, chombo hicho kingeipata bangili yako katika Malagarasi? Maji ya mto na ya Ziwa Tanganyika yana chumvi kidogo, na hupitisha umeme kwa udhaifu, kwa hiyo hayakisumbui chombo sana. Ya Bahari ya Hindi, kule Bagamoyo, ni kinyume chake. Chumvi yake hupitisha umeme, na chombo cha kawaida huisikia bahari yenyewe kana kwamba ni metali. Kwa hiyo vyombo vingi vya baharini hutuma nguvu kwa mapigo mafupi, vikanyamaza, kisha vikasikiliza. Katika ukimya huo mwitikio wa maji ya chumvi hufifia upesi, na ule wa metali hudumu kidogo zaidi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba chombo hiki huona mbali. Pete moja husikika ikiwa shibiri moja hivi kutoka kwenye koili, au zaidi kidogo. Kwa sababu hiyo mzamiaji hawezi kuelea juu na kupekua mto mzima. Hushuka hadi chini, akatambaa polepole, akiipitisha koili huku na huku karibu sana na mchanga. Na kama karibu naye pana chuma kikubwa, hali yake ni ile ya Bell pembeni ya godoro. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, isitekwe. Iliinuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Mtu ambaye angetafuta pete kando ya meli ile ikiwa chini ya maji asingesikia kitu kingine isipokuwa meli.

Tabora nayo ina metali yake ya kutafutwa. Mwaka huo huo wa 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na vita na kukosa fedha kutoka kwao, walipiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Walitumia shaba kwa sarafu ndogo, na dhahabu ya mgodi wa Sekenke kwa sarafu ya rupia 15, yenye picha ya ndovu. Zilipigwa zaidi ya 16,000 za dhahabu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini.

Tuseme siku moja, ukiwa na chombo kama hicho kwenye kivuko cha zamani cha Malagarasi, visikilizio vinalia. Weka alama mahali hapo. Usichimbe wala usikiondoe ulichokisikia, kwa sababu mahali kitu kilipolala, kina chake, na vitu vilivyo jirani nacho ndivyo vinavyowaeleza wataalamu kililetwa na msafara gani na katika miaka ipi. Vitu vya kale vinalindwa na sheria tangu mwaka 1964. Mwambie mwalimu wako au kiongozi wa kijiji, naye apeleke habari kwa wanaohusika na mambo ya kale. Pengine ni kopo la juzi. Pengine ni sango lililomponyoka mtu mwaka ule ambao Bell alianza kufundisha Boston.